Mhandisi Anajibu: Pipa, Nguzo na Bampa

Barua nyingi za miezi ya karibuni zimehusu vyombo vya kupikia pombe, nyufa za majengo na ajali za magari, nami nimeamua kuzijibu pamoja. Kwa jicho la mhandisi, zote zina swali moja ndani yake: kitu kinapozidiwa na nguvu, ni sehemu gani itakayoshindwa kwanza, na ni nani aliyesimama karibu na sehemu hiyo? Mbunifu mwenye kujali huchagua jibu la swali hilo mapema, kazi ikiwa bado iko kwenye karatasi. Asipolichagua yeye, chombo hujichagulia chenyewe.

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Marangu tunaopika mbege ya kuuza. Ndizi tunazichemshia katika pipa la chuma la lita 200, na kuni zimekuwa ghali mno. Fundi wa kuchomelea ametushauri tufunge kifuniko kwa bolti nane na mpira, kisha aweke koki ya kutolea mvuke ambayo tutaifungua tukiona inafaa, ili ndizi ziive upesi. Anasema pipa ni chuma, haliwezi kupasuka. Je, tukubali?

Marahaba, mama. Msikubali, na nawaomba mmsomee fundi wenu maelezo haya, kwa sababu naamini nia yake ni njema.

Fundi ametazama ubavu wa pipa, na kuhusu ubavu hajakosea. Tuseme shinikizo la ndani limezidi lile la nje kwa bari 1, ambayo ni chini ya nusu ya upepo tunaojaza katika tairi la gari dogo. Ubavu wa pipa lenye kipenyo cha sentimita 57 na bati la unene wa milimita 1 utavutwa kwa mkazo wa takriban megapaskali 29, ilhali chuma cha kawaida huanza kulegea kinapofikia megapaskali 200 na zaidi. Umbo la mviringo linasaidia sana, kwa kuwa nguvu yote hugeuka kuwa mvutano unaozunguka bati sawasawa pande zote.

Hatari iko juu na chini. Kifuniko ni bapa, na eneo lake ni karibu robo ya mita ya mraba. Kwa bari ile ile 1, kinasukumwa kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 2.6. Bati bapa haliwezi kuigeuza nguvu hiyo kuwa mvutano tulivu kama ubavu ufanyavyo, kwa hiyo hupinda, likipinda hung'oa bolti moja baada ya nyingine au hufungua mshono wa kitako, ambao kiwandani ulikunjwa ili kuzuia kioevu kisivuje, wala haukukusudiwa kuzuia mvuke. Ndiyo maana mitungi ya gesi na matangi ya mvuke yametengenezwa yakiwa na vichwa vya kuba, na hakuna hata mmoja uliofungwa kwa bati bapa jembamba.

Kisha kuna maji yenyewe. Chini ya shinikizo hilo, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Kifuniko kikifyatuka, maji hayo hayawezi kubaki maji yote: katika kila lita 100, karibu kilo 3.7 hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unahitaji nafasi ya mita za ujazo 6, yaani kibanda kizima cha jikoni. Mtu aliyesimama hapo haunguzwi na mvuke peke yake, bali pia na uji wa ndizi unaorushwa na kumganda mwilini.

Kuhusu koki, kinga inayomtegemea mtu akumbuke kuifungua si kinga. Hata vali ya usalama inayojifungua yenyewe haifai katika pipa lenu, kwa kuwa nyuzi na massa ya ndizi yataiziba siku ambayo hamtarajii.

Sasa kuni. Kupasha lita moja ya maji mpaka ichemke huko kwenu milimani kunahitaji takriban kilojuli 300, lakini kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke unaopotelea hewani kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200. Kwa maneno mengine, kuni zenu nyingi zinapotea kupitia mdomo wa pipa ulio wazi. Kifuniko kizito kiasi, kilicholazwa tu juu bila kufungwa, kitarudisha sehemu kubwa ya joto hilo, na kikisukumwa na mvuke kitainuka kidogo na kutua tena. Lijengeeni pipa jiko la udongo au matofali linalolizunguka hadi karibu na ukingo, lenye nafasi nyembamba ya moshi kupanda ukigusa ubavu, nanyi mtaona tofauti kubwa kuliko ile mliyoahidiwa na bolti nane. Moto ukishakolea, upunguzeni: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka polepole.

Angalieni pia pipa lilibeba nini kabla halijafika kwenu. Lililowahi kubeba dawa za mashambani au mafuta ya mitambo lisitumike hata likisuguliwa vipi, na lililopakwa zinki halifai, kwa kuwa uchachu wa mbege huiyeyusha zinki na kuiingiza katika kinywaji. Chombo cha kuvundikia nacho kisifungwe kabisa. Kilo 1 ya sukari ikichachuka yote hutoa karibu lita 270 za hewa ya kaboni, na hewa hiyo lazima ipate njia. Bomba jembamba lililotumbukizwa katika chupa ya maji linatosha. Chumba cha kuvundikia kiwe na matundu chini ya kuta na si juu pekee, kwa sababu hewa hiyo ni nzito kuliko tunayovuta, hujikusanya sakafuni na inaweza kumpoteza mtu fahamu bila harufu yoyote ya kumwonya.

Ikiwa siku moja biashara itakua na mtahitaji kweli kupika kwa shinikizo, nunueni chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye kibao kinachoonyesha shinikizo la juu linaloruhusiwa, na kikaguliwe na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla hakijawashiwa moto. Mkaguzi atakijaribu kwa maji baridi, si kwa upepo, kwa kuwa maji hayabonyei: yakikuta ufa huvuja tu, lakini upepo uliobanwa hulipuka. Mwaka 1954, baada ya ndege mbili za Comet kusambaratika angani juu ya bahari ya Italia, wahandisi wa Farnborough nchini Uingereza walizamisha mwili mzima wa ndege kama hizo katika tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza shinikizo mara maelfu mpaka ulipopasuka mbele ya macho yao, bila kuharibu ushahidi waliokuwa wakiutafuta.

SWALI: Natengeneza mvinyo wa ndizi kwa kiwango kidogo hapa Mbeya na kuujaza katika chupa za bia zilizokwishatumika. Msimu huu wa joto chupa tatu zimepasuka stoo. Chupa ni mbovu au kosa ni langu? 

Ni sukari iliyobaki. Gramu 10 tu za sukari katika lita moja, zikichachukia ndani ya chupa iliyofungwa katika stoo yenye joto la nyuzi 30, zinaweza kupandisha shinikizo hadi karibu bari 4, yaani takriban mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Chupa mpya ya bia inaweza kustahimili hilo, lakini iliyozunguka sokoni miaka mingi ina mikwaruzo, na kioo hakisamehe mkwaruzo. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwamba kioo huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko inavyotarajiwa kwa sababu mkazo hujikusanya kwenye ncha za nyufa ndogo ambazo jicho halizioni.

Nunua haidromita, kipimo kinachoelea katika mvinyo na kuonyesha kama sukari bado inapungua. Usifunge chupa mpaka kipimo kibaki pale pale kwa siku kadhaa mfululizo, na zile zilizofungwa tayari zifunike kwa gunia zito, uzipooze, kisha uzifungue ukiwa umevaa miwani ya kazi na glavu nene.

SWALI: Tangi letu la stenlesi la lita 1,000 halikupasuka, lilinywea kuelekea ndani, kwa mlio mkubwa, wakati kijana wetu akiliosha. Tuliambiwa tangi hili linahimili shinikizo. Inawezekanaje? — Msimamizi wa kiwanda kidogo, Arusha.

Tangi lenu linahimili kusukumwa kutoka ndani, lakini kusukumwa kutoka nje ni habari nyingine kabisa. Hewa inayotuzunguka hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa karibu tani 10, na hatuihisi kwa sababu ndani na nje ya vitu vingi inalingana. Bati jembamba likivutwa, nguvu ya chuma ndiyo inayoamua. Likikandamizwa kutoka nje, linaloamua ni umbo: mahali penye mbonyeo mdogo hutangulia, duara hupotea, na tangi zima hufuata kwa kufumba na kufumbua.

Ombwe, yaani upungufu wa hewa ndani ya tangi, linaweza kutokea kwa njia mbili, na kwa maelezo yenu huenda zote zilikuwapo. Ya kwanza ni kuosha kwa maji moto na kisha kumwagia maji baridi wakati matundu yote yamefungwa. Mvuke uliojaa ndani hugeuka matone na kuacha nafasi tupu. Ya pili watu wengi hawaijui: kostiki soda ya kuoshea hufyonza hewa ya kaboni iliyobaki baada ya pombe kutolewa, hiyo hewa na kostiki huungana kuwa magadi na maji, na hewa iliyokuwa imejaza tangi hutoweka katika muda mfupi.

Dawa ni kufungua tundu kubwa la juu kabla ya kuosha na kabla ya kumwaga, kuitoa hewa ya kaboni kwanza huku madirisha ya jengo yakiwa wazi na hakuna mtu aliyeinama juu ya tangi, na kufunga vali ya kuzuia ombwe juu kabisa, ambayo nayo iondolewe na kusafishwa mara kwa mara kwa kuwa povu huigandisha. Tangi lililonywea linaweza kugongwa likarudi sura, lakini lisipewe tena kazi ya shinikizo kabla ya kukaguliwa na kujaribiwa kwa maji.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Tanga. Wanafunzi wameniletea kisa cha mafuriko ya bia yaliyoua watu London. Je, ni kweli au ni hadithi ya mitandaoni?

Ni kweli, mwalimu, na kinastahili kufundishwa. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha Meux karibu na Tottenham Court Road, pipa kubwa la mbao lenye urefu wa karibu mita 6.7 lilipasuka likiwa limejaa bia. Mbao za pipa la aina hiyo hazijishikilii zenyewe. Zinashikwa na pete za chuma, na kazi ya pete ni kubwa zaidi chini, kwa kuwa katika kina cha mita 6.7 kioevu husukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa uzito wa karibu tani 6.7. Saa moja hivi kabla ya ajali, karani aliona pete moja, yenye uzito wa zaidi ya kilo 300, imechomoka. Pete zilikuwa zikichomoka mara mbili au tatu kwa mwaka bila madhara, kwa hiyo aliambiwa hakuna tatizo na aandike barua ili itengenezwe baadaye. Barua ilikuwa mkononi mwake pipa lilipopasuka. Wimbi la bia lilibomoa ukuta wa nyuma wa kiwanda, likaingia katika nyumba za maskini na kuua watu 8, wote wanawake na watoto.

Ningependa wanafunzi wako wakae zaidi kwenye ile sentensi kuhusu pete zilizokuwa zikichomoka bila madhara. Pete moja ikiondoka, mzigo wake hautoweki; huhamia kwa pete za jirani. Pipa lililosalimika jana lilisalimika kwa sababu jirani walikuwa na akiba, na hakuna aliyepima akiba hiyo imebaki kiasi gani.

Waongezee na kisa cha Boston, Marekani, cha tarehe 15 Januari 1919, ambapo tangi la chuma la molasi iliyokusudiwa kutengenezea alkoholi, lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 27, lilipasuka na kuua watu 21. Bati lake lilikuwa jembamba kuliko ilivyotakiwa, msimamizi wa ujenzi hakuweza kusoma michoro ya kihandisi, na tangi halikuwahi kujazwa maji ili kujaribiwa. Lilivuja tangu mwanzo. Wenyewe wakalipaka rangi ya kahawia ili molasi isionekane.

SWALI: Mhandisi, mimi ni mpangaji katika jengo la ghorofa sita jijini Dar es Salaam. Tangu mwenye nyumba aongeze ghorofa mbili za juu, nguzo ya chini karibu na ngazi imepata nyufa za wima, plasta inadondoka na mlango wetu unakwama. Fundi amekuja akaziba nyufa kwa saruji, akasema ni plasta tu. Nifanye nini?

Ndugu yangu, hamisha familia yako kwanza, kisha endelea kusoma.

Nyufa si za aina moja, na siwezi kuhukumu jengo nisiloliona. Lakini dalili ulizozitaja zikikutana katika nguzo moja ya chini, mtu wa fani hii hangojei zaidi. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama ramani juu ya plasta ya ukutani mara nyingi ni za kukauka kwa saruji. Ufa wa mshazari kwenye boriti karibu na mahali inapokutana na nguzo ni jambo zito. Ufa wenye madoa ya kutu unaofuata mstari wa nondo unaonyesha kwamba nondo inaoza ndani na kusukuma zege nje. Ufa wa wima kwenye nguzo, pamoja na zege linalobanduka, unaweza kumaanisha kwamba nguzo inapondeka.

Hofu yangu kubwa ni nguzo, na sababu yake ni hii. Boriti iliyosukwa vizuri ikizidiwa, nondo zake za chini hurefuka polepole, boriti hulegea, nyufa hufunguka, sakafu huinama, na watu hupata muda wa kutoka. Nguzo haina tabia hiyo. Zege likipondwa hukatika ghafla, na mzigo wote uliokuwa juu yake hukimbilia nguzo za jirani, ambazo huenda nazo hazina akiba. Kwa hiyo mhandisi hulipanga jengo kwa makusudi ili boriti ichoke kabla ya nguzo. Anayeongeza ghorofa mbili juu ya nne huupindua mpango huo wote: nguzo za chini zilizohesabiwa kubeba sehemu nne sasa zinabeba sita, ongezeko la nusu nzima, bila nondo hata moja kuongezwa.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wengi hukipunguza kwa sababu hakionekani kikishafunikwa, nacho ni zile ringi zinazozizunguka nondo za nguzo. Ringi huzuia nondo zisipinde kwenda nje na hulibana zege la katikati lisisambae. Zikiwekwa mbalimbali, nguzo hupoteza uvumilivu wake hata kama nondo za wima ni nene. Vivyo hivyo kwa maji yanayozidishwa ili zege limwagike kwa urahisi: kila maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na nguvu hupungua.

Saruji aliyoipaka fundi haibebi mzigo wowote. Imeficha tu ushahidi. Piga picha nyufa zilizobaki ukiweka rula kando yake, weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa unaoweza kuufikia ukiwa nje ya hatari, na upeleke taarifa kwa maandishi katika manispaa na kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ukiomba mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Wajulishe majirani wote usiku huu huu.

Sisemi haya ili kukutisha. Jiji letu lilizika watu 36 baada ya jengo la Mtaa wa Indira Gandhi kuanguka tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, na Kariakoo ikaomboleza tena Novemba 2024. Huko Bangladesh, nyufa za jengo la Rana Plaza zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya juu waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Watu 1,134 walikufa. Jengo lile nalo lilikuwa limeongezewa ghorofa.

Wala haihitaji jengo zima kuwa bovu. Katika hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya ndani yalining'inizwa kwa vyuma virefu kutoka darini, moja juu ya jingine. Wakati wa ujenzi, chuma kimoja kirefu kilibadilishwa kuwa vipande viwili kwa ajili ya urahisi wa kufunga, na kwa badiliko hilo nati iliyokuwa ishikilie daraja moja ikajikuta imebeba mawili. Tarehe 17 Julai 1981 iliachia, na watu 114 wakapoteza maisha. Kila mtu anayesema "tumebadilisha kidogo tu" aulizwe mzigo wa kitu kile sasa unapita wapi.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni dereva wa gari dogo la kukodi hapa Mwanza. Niligongwa mbele, na pua ya gari ikajikunja kama karatasi. Fundi anataka kuchomelea bomba nene nyuma ya bampa mpaka kwenye chesisi ili lisikunjike tena. Baba mdogo naye anasema magari ya zamani yalikuwa ya chuma kweli, haya ya siku hizi ni bati. Ushauri wako?

Marahaba, mwanangu. Pua ya gari lako ilikunjika kwa sababu ilibuniwa ikunjike, na huenda ndiyo iliyokufanya uwe na mkono wa kuniandikia.

Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwili wako una nishati ile ile ambayo ungekuwa nayo ukianguka kutoka mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Nishati hiyo lazima iende mahali. Pua ikikunjika sentimita 60 wakati gari linasimama, nawe umefunga mkanda, mwili wa kilo 70 utazuiwa kwa nguvu ya wastani ya tani 1.2 hivi, ni nyingi, ila kifua chenye afya kinaweza kuivumilia kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Bomba likipunguza mkunjo huo hadi sentimita 10, nguvu hiyo inafika karibu tani 7. Gari litaonekana zima, na wewe ndiwe utakayekunjika.

Wazo la kuligawa gari sehemu ya kukunjika na sehemu isiyokunjika, ile wanamokaa watu, liliombewa hataza mwaka 1951 na Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, na likaingia barabarani katika magari yao ya mwaka 1959. Mwaka huo huo Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa pointi tatu, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia bila malipo, uamuzi ambao naona haujasifiwa vya kutosha.

Kwa baba mdogo, mpe jibu kwa heshima. Mwaka 2009, taasisi ya bima ya IIHS ya Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Lile kongwe la "chuma kweli" lilibomoka mpaka kwenye kiti, usukani ukamfuata dereva, na kwa vipimo vya sanamu aliyekuwa ndani mtu halisi angekufa. Dereva wa Malibu angeumia mguu kidogo. Unene wa bati haukuokoa kitu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga sehemu ipi itangulie kushindwa.

Bomba lina madhara mengine mawili. Vihisi vya mifuko ya hewa vimepimwa kwa jinsi pua ya asili inavyopunguza mwendo, na mfuko una takriban milisekunde 30 tu za kufunguka. Ukibadilisha ugumu wa mbele, unaweza kufunguka ukiwa umechelewa au bila sababu. Pia anayegongwa na bomba hilo siku moja anaweza kuwa mtoto avukaye barabara, na bomba litamkuta usawa wa kifua au kichwa.

Mwombe fundi abadilishe zile boriti mbili za mbele zilizojikunja badala ya kuzinyoosha kwa moto. Chuma cha nguvu kinachotumika siku hizi hupoteza ugumu wake kikipashwa kiholela, na kilichokwisha kukunjika mara moja hakitakunjika tena kwa mpangilio ule ule. Taa ya mfuko wa hewa ikiendelea kuwaka kwenye dashibodi, usikubali ifunikwe au ichomolewe balbu. Na abiria wa nyuma wafunge mikanda: mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, katika mgongano huo huo wa kilomita 50, huvutwa mbele kwa nguvu ya kilo 160, na hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia.

SWALI: Hujambo Mhandisi. Nasafiri sana kwa basi kati ya Nairobi na Mombasa. Mabasi yakipinduka, mbona paa hubanduka au kulala juu ya viti, na abiria anaweza kujua basi lipi ni salama?

Sijambo. Bodi nyingi za mabasi yetu hujengwa hapa hapa juu ya chesisi ya lori au basi, na paa hukaa juu ya nguzo za madirisha. Kama nguzo hizo ni bomba jembamba lililochomelewa juu juu, ungio ndilo litakaloachia kwanza. Kanuni namba 66 ya Umoja wa Mataifa huliinamisha basi kutoka jukwaa la urefu wa milimita 800 mpaka liangukie ubavu, kisha hupima kama ile nafasi ya uhai ya abiria waliokaa haikuingiliwa na kitu. Kinachotafutwa ni pete kamili za chuma zinazozunguka sakafu, ubavu na paa, ambazo hupinda bila kukatika. Kenya ina kiwango chake cha bodi za mabasi, KS 372, nawe una haki ya kumuuliza mwenye basi kama bodi yake ilijengwa kwa kiwango hicho.

Abiria hawezi kuona ungio lililofunikwa kwa plastiki na rangi, lakini anaweza kutikisa kiti: kikicheza, bolti zake zimelegea au sakafu imeoza, na mkanda uliofungwa kwenye kiti kama hicho hauna mahali pa kushika. Atazame kama mikanda ipo na inafunga, kama milango ya dharura inafunguka, na kama mizigo imelundikwa juu ya paa, kwa sababu kila kilo iliyo juu hulisogeza basi karibu zaidi na kupinduka. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, vilivyotokana na kanuni za mwaka 2003 ambazo wengi bado wanaziita za Michuki, vina hesabu nyuma yake: basi lile lile likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati zaidi kwa asilimia 56, na hakuna mjenzi wa bodi aliyeongeza chuma kwa asilimia 56 ili kuipokea. Ukiona dereva amekizima, ninyi abiria wote kwa pamoja mwambieni apunguze mwendo, na asipokubali mteremke katika kituo kinachofuata na kutoa taarifa kwa polisi wa trafiki.